Sabufa ya bafuni: wufa ya inchi 12 iliyoshindwa na ya inchi 6.5 iliyotosha

Bafu lenyewe liko Kigamboni, Dar es Salaam, sehemu ya chini ya nyumba ya ghorofa moja. Lina urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.8, na kutoka sakafuni hadi kwenye zege la juu ni mita 2.7. Kuta zote zimepigwa marumaru hadi juu, sakafu vilevile. Mlango wa mbao uko kwenye ukuta mmoja mfupi, na ukuta mfupi wa pili ndiko liliko bomba la mvua. Choo cha kukaa kimeegemea ukuta mrefu, katikati yake. Mkabala wake, juu karibu na dari, kuna dirisha la luva la sentimita 60 kwa 60.

Mwenye nyumba alitaka muziki wa kuogea, tena wenye besi. Fundi wa kwanza alimpa alichoagiza: wufa (spika ya besi) ya inchi 12 ndani ya boksi la MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, lenye tundu la hewa, limesimama sakafuni kwenye kona ya mlango, spika mbili za mezani juu ya rafu ya kioo, na amplifaya ya umeme wa ukutani, volti 230, juu ya rafu hiyohiyo. Ukiwa koridoni ulisikia mdundo wa maana. Ukiingia na kusimama chini ya bomba la mvua, besi yote ilikuwa noti moja inayorudiwa. Gitaa la besi halikutofautiana na ngoma, na maneno ya mwimbaji yalipotelea kwenye mwangwi. Masika yalipokwisha MDF ilikuwa imevimba upande wa chini, vinaili imebanduka, na skrubu za wufa zinazunguka bila kushika.

Spika zile hazikuwa mbovu. Zilipelekwa sebuleni na zinaimba vizuri mpaka leo. Tatizo ni kwamba bafu dogo la marumaru hutoa besi lenyewe, bure, na mfumo wa kwanza ulishindana nalo kwa nguvu badala ya kulitumia. Kazi ya pili ilianza kwa rula na kikokotoo kabla ya msumeno.

Bafu linavyoichezea sauti

Kwenye joto la nyuzi 28 sauti husafiri takribani mita 348 kwa sekunde. Wimbi la besi likiwa kati ya kuta mbili ngumu zinazotazamana hugonga, likarudi, likagonga tena. Pale ambapo nusu ya urefu wa wimbi inalingana na umbali wa kuta hizo, la kwenda na la kurudi hujumlishana, na noti hiyo huendelea kulia hata spika ikishanyamaza. Hesabu yake ni fupi: 348 gawanya kwa umbali mara mbili. Kwa bafu hili, kimo cha mita 2.7 kinatoa Hz 64 (mitetemo 64 kwa sekunde), urefu wa mita 2.4 unatoa Hz 72, na upana wa mita 1.8 unatoa Hz 97.

Noti hizo tatu zimekaa katikati kabisa ya eneo la ngoma ya mguu na gitaa la besi. Sebule ya mita 6 nayo ina noti za namna hii, ila zinaanzia Hz 29 na kadiri unavyopanda zinasongamana kiasi kwamba hakuna moja inayotawala. Bafuni, chini ya Hz 100 ziko tatu tu, zimeachana, na kila moja inajitangaza. Na kona ya sakafuni ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuweka wufa, maana kwenye kona mgandamizo wa mawimbi yote matatu uko juu kabisa. Wufa ikikaa hapo inayachochea yote kwa pamoja. Watu huweka sabufa kwenye kona kwa sababu inalia zaidi. Ni kweli inalia zaidi.

Chini ya Hz 64 mambo hubadilika. Hakuna wimbi linaloweza kuenea humo. Koni ikisogea mbele, hewa yote ya chumba inabanwa kwa wakati mmoja, kama inavyotokea ndani ya gari lililofungwa vioo. Katika chumba kigumu kisichovuja, mgandamizo huo huongeza hadi desibeli 12 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktava unayoshuka, yaani kila namba ya Hz inapopungua nusu. Bafu la luva na mlango wenye uwazi wa sentimita mbili chini halifiki huko, lakini ongezeko lipo na linasikika: ukifunga mlango na luva, besi inanenepa bila kugusa kitufe chochote.

Jambo la tatu ni mwangwi. Kanuni ya Wallace Sabine inasema muda wa mwangwi kufifia, kwa sekunde, ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya kwa eneo linalomeza sauti. Ujazo hapa ni mita za ujazo 11.7, na jumla ya kuta, sakafu na dari ni mita za mraba 31. Marumaru humeza karibu asilimia 2 tu ya sauti, hivyo eneo la kumeza ni mita za mraba 0.63 na mwangwi unakaribia sekunde 3. Hicho ni kiasi cha ukumbi mkubwa. Fungua luva, ambayo kila sauti inayoipitia hairudi, na muda unashuka hadi karibu sekunde 2. Ongeza taulo mbili kubwa zilizotundikwa zikiwa zimeachana na ukuta, pamoja na mtu mmoja anayeoga, unakaribia sekunde 0.9. Hakuna amplifaya inayoweza kufanya kazi hiyo ya taulo. Taulo hazisaidii besi hata kidogo, ila ndizo zinazorudisha maneno ya wimbo.

Boksi gani, kubwa kiasi gani

Boksi lenye tundu lilikataliwa kwa sababu mbili. Kwanza, tundu ni pua: kila mdundo unavuta hewa yenye mvuke hadi kwenye sumaku na koili. Pili, boksi la tundu limetengenezwa kusukuma besi ya chini mahali ambapo chumba hakisaidii, na hapa chumba kinasaidia. Boksi lililozibwa hupungua desibeli 12 kwa oktava chini ya mlio wake wa asili, yaani noti ambayo koni hutetemekea kwa urahisi zaidi, na bafu linaongeza kwa mwelekeo huohuo kinyume chake. Ukiupanga mlio wa asili wa boksi uangukie karibu na Hz 64, kimoja kinaanza kushuka pale mwenzake anapoanza kupanda.

Spika iliyochaguliwa ni wufa ya gari ya inchi 6.5, ukinzani wa omu 4, koni ya plastiki ya polipropilini na ukingo wa mpira. Karatasi yake ya vipimo inaonyesha Fs (mlio wake wa asili ikiwa tupu) ya Hz 45, Qts (jinsi koni inavyojizuia isiendelee kutetemeka) ya 0.5 na Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa spika) ya lita 12. Ndani ya lita 10 zilizozibwa, gawanya 12 kwa 10, ongeza 1, unapata 2.2, kipeuo chake cha pili ni 1.48. Zidisha kwa 45, mlio wa asili ndani ya boksi ni Hz 67. Zidisha 1.48 kwa 0.5, Qtc (yaani Qts ya spika ikiwa ndani ya boksi) ni 0.74, ambayo ni besi iliyonyooka bila nundu. Spika hiyohiyo ukiibana kwenye lita 5, mlio unapanda hadi Hz 83 na Qtc inafika 0.92, yaani nundu juu ya noti ambazo bafu tayari linazipigia kelele. Tofauti ya lita tano inatosha kuharibu kazi.

Wufa nyingi madukani Kariakoo haziji na karatasi ya vipimo. Hapo usikisie. Tafuta kizuizi cha omu 220, kiunge mfululizo na spika, pitisha sauti moja ya programu ya simu kupitia amplifaya kwa kiwango kidogo, na upime volti za AC kwenye vituo vya spika kwa mita ya kawaida. Panda taratibu kutoka Hz 30 hadi 120. Pale volti zinapofika kilele ndipo mlio wa asili ulipo. Pima spika ikiwa tupu, kisha ndani ya boksi la majaribio. Kwa bafu la ukubwa huu, kilele kikiwa kati ya Hz 60 na 75 ndani ya boksi, endelea; kikiwa juu ya 80, ongeza ujazo.

Epuka koni ya karatasi isiyopakwa na ukingo wa sponji. Karatasi hulegea na kuongezeka uzito ikinywa mvuke, na sponji huoza hadi kuvunjika kama biskuti. Wapo wanaopaka koni rangi au vanishi ili isiloe. Rangi huongeza uzito wa koni, Fs inashuka, sauti inafifia, na hesabu yote ya boksi inakuwa ya spika nyingine.

Ubao ni plaiwudi ya milimita 18, ile inayouzwa kwa jina la marine board. Vipande ni sita: viwili vya sentimita 32.6 kwa 32.6 kwa mbele na nyuma, viwili vya 32.6 kwa 13 kwa ubavuni, na viwili vya 29 kwa 13 kwa juu na chini. Ndani unapata sentimita 29 kwa 29 kwa 13, karibu lita 10.9, toa nafasi ya sumaku na kijiti cha kukazia, zinabaki kama lita 10. Kina cha nje ni sentimita 16.6 tu, na hilo lilikusudiwa, kwa sababu zitakazoonekana chini. Fundi yeyote wa fanicha Keko atakata vipande hivi kwa mashine kwa unyoofu ambao msumeno wa mkono hauufikii, na unyoofu ndio unaozuia kuvuja.

Unga kwa epoksi, si gundi nyeupe ya kawaida, na kaza kwa skrubu za milimita 4 kwa 40 kila baada ya sentimita 8. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kigamboni chumvi ya bahari inafika bafuni hata ukifunga dirisha. Kijiti cha mbao cha sentimita 13 kisimame kando ya sumaku kikiunganisha ubao wa mbele na wa nyuma, maana mbao hizo mbili ndizo pana na ndizo hutetemeka. Tundu la wufa likatwe kwa kipimo cha spika uliyonayo mkononi, inchi 6.5 za mtengenezaji mmoja si za mwingine, na tofauti ya milimita 3 inatosha skrubu kukosa ubao.

Kisha rangi, na hapa ndipo wengi wanapokimbia. Ndani ya boksi pia lazima kupakwe. Mtu akioga maji ya moto boksi linapata joto. Likipoa, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta hewa yenye unyevu kupitia kila upenyo. Matabaka mawili ya epoksi nyepesi ndani na nje, na matatu kwenye kingo zilizokatwa, kwani kingo hunywa kuliko uso wa ubao. Sugua kwa msasa namba 180 kati ya tabaka na tabaka, halafu rangi ya mafuta juu.

Ndani weka pamba ya mto ya polyester, gramu 100 hivi, bila kuishindilia. Usiweke sufi. Sufi ikikaa na unyevu inaweza kuota ukungu, na harufu yake hutokea kwenye koni kila wufa inapopiga.

Kuvuja hupimwa kwa njia mbili. Sukuma koni polepole kwa vidole vilivyotandazwa, uiachie. Kwenye boksi lililozibwa inarudi kwa kusitasita kidogo, kwenye boksi linalovuja inaruka palepale. Kisha cheza sauti ya Hz 30 na upitishe dawa ya mbu inayowaka kwenye maungio. Moshi ukicheza, hapo pana upenyo.

Spika ndogo

Spika mbili za sauti za kati na za juu ziliundwa kwa bomba la PVC la milimita 110, ambalo kipenyo chake cha ndani ni kama milimita 104. Kipande cha sentimita 25 kinatoa lita 2.1, ambazo zinatosha spika ya inchi 3 ya omu 8. Nyuma kofia ya PVC kwa gundi yake. Mbele, diski ya plaiwudi ya milimita 18 imesukumwa milimita 10 ndani ili mdomo wa bomba uzuie matone. Fremu ya spika iwe ya duara na isizidi milimita 93, la sivyo skrubu zitakosa ubao. Gramu 25 za pamba ileile kwa kila bomba.

Bodi nyingi za amplifaya hukata sauti za juu zisiende kwenye sabufa, lakini hazikati besi isiende kwenye spika ndogo. Spika ya inchi 3 ikipewa Hz 60 inahema tu na kukwaruza. Dawa ni kapasita moja mfululizo kwenye waya wa chanya. Mikrofaradi 110 kwa omu 8 inakata kuanzia Hz 180. Kapasita isiyo na upande wa chanya na hasi ya ukubwa huo ni adimu. Unganisha mbili za kawaida za mikrofaradi 220, volti 50, hasi kwa hasi, na chanya zake mbili ndizo zitoke nje. Pamoja zinahesabika 110.

Kuhusu stereo: bafuni haina maana. Marumaru inachanganya kushoto na kulia kabla sauti haijamfikia msikilizaji. Spika moja nzuri ingetosha, na fedha ya ya pili ingenunua taulo nzito. Mwenye nyumba alitaka mbili, zikawekwa mbili, na simu ikawekwa kwenye mpangilio wa sauti ya mono, ambao upo kwenye Android na iPhone katika sehemu ya ufikivu. Kwa mono, ala iliyorekodiwa upande mmoja tu haipotei pale unaposogea karibu na ukuta.

Umeme: hakuna volti 230 ndani

Hili halikuwa na mjadala. Amplifaya ya awali ilikuwa umbali wa mkono kutoka kwa mtu aliyelowa. Kiwango cha kimataifa IEC 60364, sehemu ya 7-701, kinagawa bafu kwa kanda kulingana na ukaribu na maji. Kwa bafu lisilo na beseni, kanda 1 inaenea mita 1.2 kutoka mahali bomba la mvua linapotokea ukutani na inapanda hadi mita 2.25 kutoka sakafuni. Katika mfumo wa pili, kinachoingia bafuni ni nyaya za spika peke yake. Amplifaya, betri na chaja vipo koridoni.

Bodi ya amplifaya ni ya njia 2.1, yaani spika mbili ndogo na sabufa moja, yenye chipu mbili za TPA3116D2 za Texas Instruments, ambazo hufanya kazi kuanzia volti 4.5 hadi 26. Imelishwa betri ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa), ya aina inayokaa kwenye UPS, kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Kwa volti 12 sabufa ya omu 4 inapata kama wati 15 na kila spika ndogo kama wati 7. Mtu aliyezoea namba za sabufa za dukani atacheka. Lakini wufa inayotoa desibeli 86 kwa wati moja hufika karibu 98 kwa wati 15 ukiwa mita moja, na bafu hili lote lina mita 2.4. Muziki wa kawaida hula wastani wa wati nne hivi, hivyo nusu ya betri inatosha saa kumi. Fyuzi ya ampea 5 ikae karibu kabisa na kituo cha chanya cha betri, na chaja isizidi ampea 2, yenye kusimama volti 13.8 betri ikijaa. Umeme ukikatika muziki hauna habari.

Onyo la bodi hii: njia zake za kutoa ni za daraja, yaani waya wa hasi wa spika nao unabeba sauti, hauko sifuri. Fundi aliyezoea redio ya gari ya zamani hupenda kutumia waya mmoja wa hasi kwa spika zote ili kuokoa waya. Ukifanya hivyo hapa, njia moja inapigana na nyingine. Bodi inajizima, inapata moto, au inakufa. Spika tatu zinataka nyaya sita, na hakuna hata mmoja unaoguswa na mwenzake wala na ardhi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kwa mita 5 una ukinzani wa omu 0.12 kwenda na kurudi, ambao mbele ya omu 4 si kitu.

Jambo la kando lakini zito: kama nyumba ina bomba la mvua la umeme na mtu akiligusa anahisi kutekenywa, weka spika pembeni. Mwite fundi umeme kwanza, akague waya wa ardhi na kikatizi cha 30 mA, kinachokata umeme unapovuja.

Mahali pa kufunga

Nguvu ya kazi yote iko kwenye uamuzi huu. Wimbi la Hz 72 lina mgandamizo mkubwa kwenye kuta mbili fupi na sifuri katikati ya urefu. La Hz 64 lina mgandamizo mkubwa sakafuni na darini, na sifuri kwenye nusu ya kimo. Wufa iliyokaa kwenye sifuri ya wimbi haiwezi kulichochea. Kwa hiyo kitovu cha sabufa kiliwekwa mita 1.2 kutoka ukuta mfupi na mita 1.35 kutoka sakafuni, kwenye ukuta mrefu, juu ya tangi la choo. Noti mbili zilizokuwa zinatawala bafu zilikosa mtu wa kuziamsha.

Hz 97 ilibaki, kwa kuwa sabufa imeegemea ukuta na wimbi la upana lina nguvu hapohapo. Ila anayeoga husimama katikati ya upana, sentimita 90 kutoka kila upande, ambako wimbi hilo ni sifuri. Anayekaa chooni, kichwa karibu na ukuta, ndiye anayelisikia. Ilionekana si hasara.

Mahali hapo pako nje ya kanda 1: kona ya boksi iliyo karibu zaidi iko mita 1.27 kutoka mahali bomba la mvua linapotokea ukutani. Na kina cha sentimita 16.6 kinafanya boksi lisitokeze kupita tangi la choo, mtu akiegemea nyuma asigonge kichwa.

Boksi zima ni kama kilo 6. Limetundikwa kwa mbao mbili zilizokatwa nyuzi 45, moja ukutani, nyingine mgongoni mwa boksi, zinazoshikana lenyewe likishuka. Njia hii inaacha uwazi wa sentimita mbili nyuma ili hewa ipite na ukungu usiote. Marumaru itobolewe kwa ncha ya marumaru bila mashine kugonga. Ukishafika kwenye tofali, badilisha ncha na uruhusu mashine igonge. Kabla ya kutoboa, bandika utepe wa karatasi wenye gundi ili ncha isiteleze. Kabla ya skrubu kuingia, jaza tundu silikoni, la sivyo maji yatakaa nyuma ya marumaru.

Spika ndogo zimefungwa kwa vibano vya bomba kwenye kona mbili za ukuta wa mlango, mita 2.35 kutoka sakafuni, zikitazama kichwa cha anayeoga. Taulo zinatundikwa kwenye sehemu ya ukuta wa bomba la mvua inayobaki kavu, kwani huko ndiko sauti ya spika inakogonga kwanza.

Urekebishaji ulichukua muda mfupi. Sauti ya Hz 120 ilichezwa, nyaya za sabufa zikageuzwa chanya kwa hasi, na mpangilio uliotoa sauti kubwa zaidi ukaachwa. Mkato wa sabufa, yaani noti ambayo juu yake sabufa haipewi sauti, uliwekwa karibu na Hz 150. Kisha sauti ya kupanda taratibu kutoka Hz 40 hadi 200, mtu akisimama pa kuogea, na kiwango cha sabufa kikashushwa mpaka hakuna noti inayoruka.

Yaliyojitokeza baada ya hapo

Mtetemo ulikuwa wa kwanza. Mfuniko wa kaure wa tangi la choo uliimba kila ilipopigwa Hz 80, na vioo vya luva vikajibu. Vitone vinne vya mpira chini ya mfuniko na uzi wa silikoni kwenye ncha za vioo vilimaliza. Mitetemo ya namna hii hudhaniwa ni spika iliyochanika. Bonyeza kila kitu kwa kidole huku sauti ikilia kabla ya kufungua boksi.

Pili, mluzi mwembamba kutoka kwenye kipokezi cha Bluetooth, unaobadilika kila simu inapotafuta wimbo. Kipokezi na amplifaya zilikuwa zinatumia hasi moja ya betri, na kelele ya kidijitali ilipita humo. Kibadilishi kidogo cha kutenganisha, B0505S-1W, kiliwekwa kati ya chanzo cha volti 5 na kipokezi, na mluzi ukakatika. Kisiunganishwe moja kwa moja na betri: kinataka volti 5 thabiti, kwa hiyo kati yake na betri kuna kishusha volti cha LM2596 kilichowekwa volti 5. Kasha la vyombo hivi ni la plastiki, maana la bati lingeziba mawimbi ya Bluetooth, ambayo tayari yana ukuta wa tofali wa kupita.

Tatu, spika ya kushoto ilianza kukatika-katika. Viungio vyake vilikuwa na kutu ya kijani, ingawa vilikuwa vimefunikwa silikoni vizuri. Silikoni yenyewe ndiyo iliyovila: ile ya bei nafuu yenye harufu ya siki hutoa asidi wakati wa kukauka, na asidi hiyo inashambulia shaba. Kwenye waya tumia silikoni isiyo na asidi, inayoandikwa neutral kwenye chupa. Waya ulikatwa hadi kwenye shaba safi, ukalehemiwa kwa risasi moja kwa moja kwenye vituo vya spika badala ya vibano vya kuchomeka, kisha ukavikwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Ya kulia ikafanyiwa hivyohivyo siku hiyohiyo, kabla haijaanza.